Niliposema Zianike

Jumatatu, 4 Machi

Mvua imeanza leo, na imeanza kwa fujo. Nimefika kazini viatu vimejaa maji, nikamkuta Mkuu amesimama mlangoni mwa maabara yangu na mtu nisiyemjua. Mkuu wetu hana kawaida ya kumsubiri mtu, kwa hiyo nikajua kuna jambo.

Jambo lenyewe ni hili. Meza ya silikoni, yaani mimi, mashine zangu na miaka minne ya jasho langu, tumepewa mpaka mwisho wa mvua. Ijumaa ya mwisho ya Mei kutakuwa na kikao. Nikileta betri zinazoweza kujazwa chaji na kuishiwa mara mia moja bila kupoteza zaidi ya moja ya tano ya uwezo wake, meza inabaki. Nisipoleta inafungwa, vifaa wanachukua watu wa grafiti, na mimi nitatafutiwa "mahali pa kukusaidia". Maneno hayo aliyatamka kwa upole mno, nikatamani angenifokea tu.

"Na huyu bwana atakuwa mwenzako," akaongeza. "Anatoka idara ya rangi."

Bwana Rangi, ndivyo nitakavyomwita, ni mtu mzima wa umri wangu. Shati lake limepigwa pasi mpaka kwenye vifungo, na huongea taratibu kama anayesoma maelezo ya chupa ya dawa. Nimemtazama nikasema moyoni: huyu ndiye mrithi. Wamemleta akabidhiwe funguo kabla hata sijazikwa.

Jumatano, 6 Machi

Betri za wiki iliyopita zimekufa zote. Mvua.

Jumatatu, 11 Machi

Bwana Rangi ananifuata nyuma na maswali tangu alipofika. Leo nimemkalisha chini nikamweleza kazi, ili anipe nafasi ya kupumua.

Betri za simu na magari, nimemwambia, upande wake hasi umejaa grafiti. Grafiti, ile kaboni ya ncha ya penseli, ni mpole, hula kidogo tu lithiamu inayobeba chaji, na haina visa. Silikoni ni mlafi. Inaweza kumeza lithiamu mara nyingi zaidi ya grafiti, na ndiyo maana dunia nzima inaitaka. Tatizo ni kwamba ikishiba inavimba, inakuwa karibu mara nne ya ilivyokuwa, na ikiishiwa inanywea. Ivimbe inywee, ivimbe inywee, mwishowe inapasukapasuka na betri imekwisha. Dawa yangu ni kuisaga iwe chembe ndogo mno, ndogo kuliko jicho na hadubini ya kawaida vinavyoweza kuona, na ndani ya kila chembe nimetoboa vitundu kama vya sifongo. Ikitaka kuvimba, ivimbie humo humo ndani.

"Kwa hiyo hazipasuki?" akauliza.

"Chembe zangu hazipasuki. Lakini tabaka zima linabanduka kwenye karatasi ya shaba. Sijui kwa nini."

Hilo la sijui kwa nini lilinitoka tu. Sikupenda alisikie.

Nilipofika kwenye namna ya kufanya kazi, maswali yakaanza upya. Shaba inafutwa kwa kitambaa kikavu au kilicholowa? Kuanzia juu au chini? Ule uji mweusi wa unga wa silikoni, kaboni, gundi na maji unakorogwa kwa kuzungusha kulia au kokote? Damu ikanipanda.

"Bwana," nikamwambia, "hapa ukiambiwa fanya, fanya. Neno kwa neno. Usiniongezee, usinipunguzie, na usiniulize."

"Sawa, dada," akasema. "Neno kwa neno."

Ijumaa, 15 Machi

Dari la chumba cha kuoshea vyombo linavuja tena. Bomba la maji ya moto nalo linatoa mvuke, basi chumba kizima kina joto na unyevu kama bafu la watu kumi. Nimelalamika tangu mvua za mwaka jana, nimejibiwa kwamba fundi wa paa anakuja. Labda anakuja kwa miguu kutoka nchi nyingine.

Unyevu ndio adui wetu mkubwa hapa. Betri hizi tunaziunga ndani ya sanduku la kioo lenye hewa kavu kabisa, mikono ikipitia kwenye glavu, kwa kuwa tone moja la maji linatosha kuharibu kila kitu. Kisha anatokea mtu anasema anapenda harufu ya mvua.

Jumanne, 19 Machi

Leo nilikuwa na siku nzuri mpaka simu ilipolia.

Nilikuwa nimeupaka unga wote uliobaki, ule bora uliotoka tanurini mwezi uliopita. Karatasi za shaba zimetoka zimepakwa vizuri, nyeusi, laini, hazina hata kiputo kimoja. Nimezitandaza mezani zivute pumzi. Nikajisemea, hizi ndizo zitakazoniokoa au kunizika, maana unga mwingine utachukua majuma kuupika.

Ndipo hospitali wakapiga. Upasuaji wa jicho la Mama, tuliopangiwa mwezi wa saba, umesogezwa: kuna mgonjwa kaahirisha, nafasi ni kesho asubuhi, tunaitaka au hatuitaki? Mama ana mtoto wa jicho pande zote mbili. Juzi alimwamkia kwa heshima zote koti langu lililotundikwa mlangoni. Nikasema tunaitaka.

Nilitoka mbio. Nikiwa njiani nikakumbuka karatasi zangu pale mezani, nikamwandikia Bwana Rangi ujumbe: "Zile karatasi za silikoni naomba uzianike. Zikae hivyo mpaka nirudi." Akajibu: "Sawa, dada. Nitazianika."

Roho yangu ikatulia.

Alhamisi, 21 Machi

Imekwenda salama. Naandika nikiwa kwenye benchi la wodini.

Jana nilikaa nje ya chumba cha upasuaji nimeshika mkoba wa Mama kifuani kama mtu anayeogopa kuibiwa. Daktari alipotoka, akatabasamu kabla ya kusema, nikalia mbele za watu. Sikuona hata haya.

Leo wamemfungua bandeji. Mama akatazama dirisha, akamtazama nesi, kisha akanitazama mimi muda mrefu.

"Umenenepa," akasema.

"Ndiyo, Mama."

"Na mtoto wa jicho wamemtoa. Basi mtoto niliyebaki naye ni wewe tu, na wewe hutoki."

Nesi aliinama akacheka mpaka akashika kitanda. Mimi nilicheka na kulia kwa pamoja. Nimekuwa nikiogopa tangu mwaka jana kwamba angepofuka akiwa mikononi mwangu kwa sababu nilichelewa kumpeleka. Sasa naweza kuliandika hilo, kwa kuwa halikutokea.

Jumapili, 24 Machi

Mama yuko nyumbani na anaona. Ameona utando wa buibui juu ya kabati, ameona masizi nyuma ya jiko, ameona kwamba mapazia niliyomwambia ni ya bluu ni ya kijani. Tangu asubuhi nasafisha. Daktari kasema asiiname wala asibebe kitu, naye anatii: anakaa kwenye kiti na kunyoosha kidole.

Sijawahi kuwa na furaha ya kusimangwa kama leo.

Jumatano, 27 Machi

Nimerudi kazini na nimefanya kitu kibaya, au nimefanyiwa, bado sijaamua.

Nilikwenda moja kwa moja kwenye oveni. Si ya kuokea mikate hii. Ni oveni inayonyonya hewa yote ndani, kisha inakausha karatasi mpaka lisibaki hata tone la unyevu. Nikafungua. Tupu.

"Karatasi ziko wapi?"

"Nimezianika, dada."

"Ovenini hamna kitu."

"Ovenini?" Akanitazama kama mtu aliyeulizwa njia ya kwenda mwezini. "Ulisema nianike."

Akanipeleka kwenye chumba cha kuoshea vyombo. Jamani. Alikuwa amefunga kamba ya nailoni kutoka bomba la maji hadi nondo ya dirisha, na karatasi zangu zote zimening'inia pale kwa vibanio vya nguo, vyekundu, vya njano na vya bluu, kama soksi za wanafunzi wa bweni. Kila kibanio kimeshika pembe isiyopakwa, kwa uangalifu wa ajabu. Chini ya tundu la dari ameweka beseni ili matone yasirukie. Mlangoni kabandika tangazo: TAFADHALI USIGUSE. ZINAANIKWA. Mvuke umejaa mpaka miwani yangu ikaingia ukungu. Nikaigusa karatasi moja. Ilikuwa na unyevu wa nguo inayotolewa kambani kabla haijakauka.

Juma zima. Juma zima zimekunywa unyevu.

Hapa maabara kutia kitu kwenye oveni hiyo tunaita kuanika. Ni utani wetu wa zamani, kabla oveni haijanunuliwa, tulipokuwa tunatumia taa na feni. Oveni ilikuja, jina likabaki. Kila mtu analijua isipokuwa mtu aliyekuja juzi. Na huyu aliyekuja juzi hajawahi hata kuniona nikifanya hatua hiyo, kwa kuwa naifanya mwenyewe asubuhi kabla hajafika. Simwamini mtu na oveni yangu.

Haya yote nayaandika sasa. Pale chumbani sikuwa na akili hizo. Nilimpa za uso. Nilimwambia mtoto wa chekechea angejua kwamba betri haianikwi kama kaptula. Nilimuuliza kama alitumwa kuja kunimaliza au ni kipaji alichozaliwa nacho. Alisimama mikono mbele mpaka nilipoishiwa pumzi.

"Uliniambia neno kwa neno," akasema. "Uliniambia nisikuulize."

Kisha akaanza kuvitoa vibanio, kimoja kimoja, taratibu, akavitia mfukoni.

"Acha hapo hapo," nikafoka. "Usiguse kitu."

Akavirudisha.

Jioni hii nimemsimulia Mama nikitegemea anihurumie. Amesikiliza mpaka mwisho, jicho zima limenikazia. "Sasa kosa la yule baba ni lipi?" akauliza. Nikaenda kuosha vyombo.

Alhamisi, 28 Machi

Unga mwingine sina. Nimezikausha zile zile karatasi zilizoharibika, safari hii ovenini, nikaunga betri nikizisonya, nikazitia kwenye Karani. Karani ndiyo mashine inayojaza betri chaji na kuimaliza usiku na mchana huku ikichora mstari kwenye skrini. Mstari wa betri nzuri umelala kama sakafu. Wa kwangu huwa ngazi ya kushukia.

Nimewasha tanuri kuupika unga mpya. Bwana Rangi amefanya kazi yote niliyompa na hajauliza swali hata moja. Maabara imekuwa kimya mpaka inakera.

Jumanne, 2 Aprili

Nimepita kwa Karani nikitegemea kuzitoa maiti. Mstari umelala. Nimegonga skrini kwa kidole. Umelala.

Betri zangu zote za nyuma zilikuwa zimeshaanguka kufikia hapa. Nimekagua nyaya, huenda Karani inapima kitu kingine. Inapima zile zile.

Ijumaa, 5 Aprili

Bado. Sisemi kitu kwa mtu.

Jumanne, 9 Aprili

Mvua kutwa. Bado!

Jumatatu, 15 Aprili

Zimevuka mia moja. Zimevuka, na zimebakiwa na uwezo mwingi kuliko ulioombwa. Nilikaa mbele ya Karani nikacheka peke yangu kama mwehu, mpaka Bwana Rangi akachungulia mlangoni kuona kuna nini.

"Zimepita," nikamwambia.

Uso wake ulivyobadilika, sikutegemea. Alishika fremu ya mlango, akafumba macho, midomo ikacheza bila sauti. Mtu aliyekuja kunirithi asingefurahi vile.

"Zile nilizozianika?" akauliza.

"Unga ulikuwa mzuri," nikamjibu. "Unga mzuri hata ukiuharibu unastahimili."

Ndivyo nilivyomwambia, na ndivyo ninavyoamini. Nimempelekea Mkuu habari. Amefurahi kwa kiasi chake, yaani amevua miwani. "Mara moja ni bahati," akasema. "Zitengeneze tena zikubali, hapo nitakuwa na la kuwaambia kikaoni." Sawa tu. Unga mpya umetoka tanurini na ni wa aina ile ile. Safari hii nitafuata kila hatua inavyotakiwa, bila mambo ya kamba na vibanio. Zitaishi maradufu.

Alhamisi, 18 Aprili

Nimepaka karatasi mpya, nimezitia ovenini mimi mwenyewe, zimekauka kabisa. Mama leo amesoma gazeti, akasema uongo wake ni ule ule.

Jumamosi, 27 Aprili

Zimekufa.

Hazikufa kidogo kidogo. Mstari umeanguka vile vile ulivyokuwa ukianguka mwaka jana na mwaka juzi, kana kwamba zile zilizovuka mia hazikuwepo. Nimefungua moja ndani ya sanduku la kioo: tabaka jeusi limebanduka kwenye shaba na kujikunja kama rangi ya ukuta wa zamani.

Unga ni ule ule. Nimeupima kwa kila kipimo tulicho nacho. Gundi ni ya kopo lile lile, shaba ya bunda lile lile, mikono ni hii hii. Nimekaa kwenye stuli kutwa nzima nikipitia hatua zote kichwani, na kila nikifika kwenye zile karatasi zilizoning'inia kambani, nazipita haraka kama mtu anayepita mlangoni kwa anayemdai. Kwa sababu nilishaamua kwamba pale ni mahali pa kosa, na kosa haliwezi kuwa dawa.

Kikao ni mwezi ujao. Leo nimeogopa kweli kweli. Nina miaka minne kwenye meza hii na sijui kazi nyingine ninayoipenda. Mama amenisikia nikigeukageuka chumbani, amekuja akakaa ukingoni mwa kitanda bila kusema neno, jambo ambalo kwake ni ugonjwa.

Jumatatu, 29 Aprili

Leo lazima niandike kila kitu.

Asubuhi nilimkuta Bwana Rangi anafuta meza ambayo ilikuwa safi. Nikamwambia karatasi mpya zimebanduka. Akaendelea kufuta.

"Unataka kusema kitu," nikamwambia.

"Uliniambia nisi..."

"Najua nilivyokuambia. Sema, kaka."

Sijui hilo la kaka lilitoka wapi. Akaweka kitambaa chini.

"Hukuzianika," akasema.

Nikavuta stuli nikaketi.

"Mimi sijui betri, dada. Najua rangi. Rangi ukiikausha upesi, juu inakuwa ngumu na chini haijashika ukuta. Mnunuzi anafurahi siku mbili, kisha inabanduka. Sisi tulikuwa tunaiacha kwanza kwenye hewa yenye unyevu. Gundi inakuwa laini, inatembea pole pole mpaka inapofika inapotakiwa. Ndipo unaikausha." Akakohoa. "Nilitaka kukuambia ile siku ya mia moja. Ulishasema ni unga."

Nilihisi masikio yakiwaka moto. Nikachukua kipande cha karatasi iliyoning'inizwa, nilichokuwa nimekiweka akiba, na kipande cha iliyokwenda ovenini moja kwa moja, nikaviweka vyote kwenye hadubini kubwa. Tulitazama kwa zamu. Kwenye kile cha oveni, gundi imetawanyika ovyo, nyembamba kila mahali. Kwenye kile cha kamba imejikusanya pale chembe zinapogusana, imetengeneza vishikizo vidogo vidogo, na chini imeing'ata shaba kabisa. Silikoni ikivimba, inavuta, na vishikizo haviiachii.

Sikuwa nikikosea unga. Sikuwa nikikosea vitundu. Miaka minne nimekuwa nikiwahi mno kuzikausha, kwa sababu kila mtu anajua unyevu ni adui.

"Kwa nini hukugomba siku ile nilipokutukana?" nikamuuliza.

Akatabasamu kidogo, kwa mara ya kwanza tangu tufahamiane. "Idara ya rangi imefungwa nikiwa ndani. Niliomba mwenyewe niletwe huku. Na hii ikifungwa, sina pengine. Nilijua nimeiua kwa mikono yangu, dada. Ningegomba na nini?"

Mrithi wangu, kumbe, alikuwa ameshika ukingo wa jahazi lile lile linalozama. Nikamwomba radhi. Nilimwomba vizuri, si kwa kukohoa. Akasema yameisha, na mara moja akaniuliza maswali sita mfululizo ambayo alikuwa amejibana nayo tangu Machi. Nimeyajibu yote.

Kesho tunapaka na kuanika. Tukichelewa kidogo tu, kikao kitatukuta bado hatujafika mia.

Jumanne, 30 Aprili

Fundi wa paa amekuja.

Baada ya malalamiko ya mwaka mzima, amekuja leo. Ameziba dari, amebadilisha bomba linalotoa mvuke, amefungua madirisha, na chumba cha kuoshea vyombo kimekauka kama biskuti. Alipomaliza akasimama akisubiri shukrani. Mimi na Bwana Rangi tulimtazama kwa huzuni ya wafiwa.

"Hamjafurahi?" akauliza.

"Tumefurahi sana," Bwana Rangi akamjibu, na kwa mara ya kwanza nikamwona akishindwa kusema kweli neno kwa neno. Fundi alipotoka tulicheka mpaka tukaketi sakafuni.

Alhamisi, 2 Mei

Tumepata dawa. Pipa la plastiki lenye mfuniko, lile la kuhifadhia unga wa ngano, maji kidogo chini, kamba juu, vibanio. Hewa ndani ni mvua tupu, na dari lisipovuja sasa ni shauri lake. Karatasi mpya zinaning'inia humo tangu jana. Bwana Rangi kabandika tangazo lile lile, nami sikuliondoa.

Nimemuuliza vibanio alivitoa wapi. Ni vya mkewe. Anamwambia kila siku kwamba atavirudisha, na tangu Machi mama wa watu anaanika nguo kwenye migongo ya viti.

Alhamisi, 9 Mei

Zimetoka pipani, zimekauka ovenini, nimeunga betri, ziko kwa Karani. Sasa kazi yangu ni kusubiri, kazi nisiyoiweza.

Jumatano, 15 Mei

Sakafu. Mvua sasa ni manyunyu tu.

Jumatatu, 20 Mei

Sakafu. Jicho la pili la Mama limepangiwa mwezi ujao. Ameniambia nijiandae kufagia upya.

Jumatatu, 27 Mei

Mia moja, saa nne asubuhi, tukiwa wote wawili mbele ya skrini. Hatukupiga kelele. Bwana Rangi alitoa kitambaa akafuta miwani yake, nami nikashusha pumzi ambayo nadhani niliivuta Machi. Sikujua mwili unaweza kuwa mwepesi hivi. Nilipanda ngazi kwenda kwa Mkuu mbili mbili, na magoti yangu hayana umri huo.

Ijumaa, 31 Mei

Kikao kimekwisha.

Walikuwepo wakubwa wote, na watu wa grafiti wakiwa wamekwisha kuipima meza yangu kwa macho. Mkuu alionyesha mistari yote: ile ya Aprili iliyolala, ile ya oveni peke yake iliyoanguka, na hii ya Mei. Kisha akaanza kusoma hatua za utengenezaji kwa sauti.

"Hatua ya nne, kuanika," akasoma, akawatazama wenzake juu ya miwani kwa ujuzi wa mwenyeji. "Hapa kwetu kuanika maana yake ni kutia kwenye oveni..."

"Hapana!" tukasema mimi na Bwana Rangi kwa sauti moja.

Mkuu akashusha karatasi. Hajazoea kukatizwa.

"Kuanika ni kuanika, mheshimiwa," nikasema. "Kwa kamba na vibanio, kwenye unyevu, juma zima. Oveni ni hatua ya tano. Na aliyeigundua hatua ya nne ni huyu hapa."

Bwana Rangi alitazama meza. Mmoja wa wakubwa akauliza kama tunatania. Mkuu akaitazama mistari tena, taratibu, akavua miwani.

"Meza inabaki," akasema. "Na wote wawili mnabaki nayo."

Nimetoka nje nikasimama uani. Juu palikuwa peupe kabisa. Bwana Rangi akaja akasimama kando yangu, tukabaki tunatazama kusikokuwa na wingu.

Jumamosi, 1 Juni

Leo nimenunua vibanio vya nguo, pakiti kubwa, vya mbao, vile imara. Vile vya plastiki siwezi kuvirudisha, sasa ni vifaa vya maabara.

Nimekwenda nyumbani kwa Bwana Rangi. Mwenyewe alikuwa ametoka. Mlango umefunguliwa na mkewe, mwanamke mfupi mwenye macho makali, beseni la nguo zilizofuliwa kiunoni. Nikajitaja. Akanitazama kuanzia viatu mpaka kichwani.

"Kumbe ndiye wewe," akasema. "Uliyemfokea mume wangu."

"Ndiye mimi, shemeji."

"Siku ile alirudi hakula. Alikaa pale, akaniambia, nimeharibu kazi ya watu. Nikamuuliza, walikuambia ufanye nini? Akasema, nianike. Nikamuuliza, ukafanya nini? Akasema, nikaanika." Akalihamishia beseni upande wa pili. "Sasa kosa lilikuwa wapi?"

"Halikuwepo," nikamwambia.

Akaniangalia kama anayehakikisha nimeyasema kwa moyo. Kisha akaipokea pakiti, akaifungua kwa meno, akaniashiria kwa kichwa nimfuate uani. Jua lilikuwa kali. Nikamsaidia kuanika.